Wifi, Kundi Lilikwambia Usinisalimie

Wifi yangu mpendwa,

Hapa Itigi tupo. Baraka, mtoto wa kaka yako, ameanza kutambaa, mama goti linamsumbua ila mdomo bado mzima. Haya huyajui kwa sababu simu yako haipatikani tangu ulipokwenda Rungwa kwa mjomba. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi wa darasa la saba. Na naandika wazi, anayetaka kusoma asome, maana mimi na wewe tulikosana mbele ya watu. Sitaki tupatane mafichoni.

Wewe ndiye uliyeniingiza kundini. Tulikuwa uani tunapura alizeti, tumbo langu la miezi minane, ukasema, "Wifi, kuna mama mmoja kwenye simu anaongea kama vile anaishi humu ndani na sisi." Ukaniwekea nimsikilize. Mama Tulizo. Sauti laini, anasema mwanamke naye ni mtu, naye anachoka. Nikalia. Ukanicheka, "Sasa unalia nini, amekuchapa?" Siku hiyohiyo ukaniweka kwenye kundi lake.

Tusiseme uongo, tulifurahi. Kila saa kumi jioni mama anaingia laivu, nasi tunaandika "Tumetulia!", watu wa miji ambayo sijawahi kuisikia, wote "Tumetulia!" Wewe ulikuwa kamanda wa kanda yetu, unashika orodha ya waliopo na wasiokuwepo. Asiyeingia anaomba radhi. Mama Tulizo alipougua mafua tukaambiwa tufunge, ukaninong'oneza, "Wewe kunywa uji wako, wifi, mimi nitafunga kwa ajili yetu wawili." Mpaka leo nikikumbuka hilo nakupenda.

Mama mkwe ndiye ambaye hakutulia. Siku maharage yalipoungua sisi tukiwa tumeinamia simu, alikuja na mwiko mkononi.

"Huyo mama yenu wa kwenye simu, ameshawahi kuwachotea hata ndoo moja?"

"Mama, tafadhali, usimguse mama," ukamjibu.

"Ahaa. Mimi ni nani basi? Jirani?"

Akaendelea kwa Kinyaturu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulicheka mpaka nikahofia nitajifungulia pale jikoni.

Wifi, mimi najua kwa nini ulilishika lile kundi kwa mikono miwili. Uliporudi nyumbani kutoka kwa mumeo, miaka sita bila mtoto, kila harusi na kila msiba kulikuwa na mwanamke wa kukuuliza, "Na wewe je, bado?" Kule ndani hakuna aliyekuuliza. Siku yako ya kuzaliwa walikutumia sauti wakikuimbia, ukazisikiliza zote ukiwa umekaa kwenye kinu, machozi yanatiririka. Sisi wa nyumbani hatukuwa tumekuimbia hata mara moja. Hatukujua hata tarehe.

Lakini kulikuwa na ile siku ya yule dada wa kundini aliyeuliza kwa nini Mama Tulizo anasema hili leo na kesho anasema lingine. Alimwagiwa matusi. Mimi pia niliandika "nyoka". Nililiandika mara tatu, wifi, mtoto akiwa ananipiga mateke tumboni. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona wenzangu wanaandika, nikasikia raha kuwa mmoja wao. Kwa hiyo ninapokuja kwenye yale uliyonifanyia, usidhani nimekaa juu nakutazama chini.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu, Mama Tulizo akafundisha laivu kwamba mtoto msumbufu apakwe asali kwenye fizi kila jioni, alale, mama yake apate kutulia. Sijui wanawake wa kwingine waliipata wapi asali, lakini sisi Itigi ndiyo kwetu. Ulikuja mbio na kopo, umefurahi, shangazi mtu. Nami nilikuwa nimetoka kliniki, nesi ametuambia asali mpaka mtoto apite mwaka mmoja, kabla ya hapo inaweza kumdhuru vibaya. Nikakuambia. Ukasema, "Muulize mama mwenyewe, yeye hana neno." Basi nikauliza, kwa adabu zote, nikaanza na shikamoo mama.

Hakujibu yeye. Walijibu wao. Nyoka, nyoka, nyoka. Mwisho likaja jina lako, kamanda wa kanda: "Mama Baraka ametolewa. Asisalimiwe."

Nilidhani ni mambo ya simu. Asubuhi yake nikakukuta bombani, wanawake wamejaa na ndoo zao. Nikasema, "Wifi, umeamkaje?" Ukatazama maji. Nikarudia, huenda hukusikia. Ukajitwika ndoo haijajaa ukaondoka. Wewe unajua kwetu hata mtu aliyekuibia kuku unamsalimia kwanza, ndipo unamuuliza kuku wako. Mtoto mgongoni aliisikia sauti yako ulipomwambia mtu "nipishe", akaanza kurukaruka kukutafuta. Hapo ndipo nilipoumia. Mimi nilikuwa nimetolewa, sawa. Yeye alimtukana nani?

Siku nane ulikaa hivyo, nyumba moja, sufuria moja. Kaka yako akashindwa kuvumilia, akakufokea vibaya. Mimi nilikuwa mlangoni nikanyamaza, nikasema moyoni acha apate. Kesho yake ukaondoka.

Sasa nimesikia jambo kwa jirani ambaye bado yumo. Anasema kule Rungwa mtandao ulikusumbua, ukakosa laivu tatu, na wewe ukatolewa. Kamanda wao! Nilimuuliza, "Kuna aliyeuliza kama anaumwa?" Akasema hapana, waliandika tu lile neno. Anadhani nilifurahi. Nilikwenda kukaa chumbani kwako, nikalia kama ile siku ya alizeti.

Wifi, hukosi watu. Mama anakuulizia kila akikaa kula, ingawa anaanza na lawama. Kaka yako anajuta, ila si unamjua, atakuambia kwa kukuletea nyama. Na Baraka hana shangazi mwingine. Sitaki ajifunze kutembea wewe ukiwa umejificha kwa mjomba unaona aibu kwa kosa ambalo na mimi nililifanya kwa mwingine. Yule dada simjui hata jina, siwezi kumfuata. Wewe naweza.

Jumamosi napanda basi la Rungwa na mtoto. Kaka yako ameniruhusu, mama amefunga kuku wawili miguu, mmoja wa mjomba. Ukiniona natokea barabarani usikimbilie ndani, na usianze kutafuta maneno ya kuomba msamaha, nitachoka kuyasikia na safari yenyewe ndefu. Salamu nitaitoa mimi.

Wewe itikia tu.

Wifi yako,
mama wa mtoto wa kaka yako