Chanjo ya Kuku wa Bunju

Bunju,
12 Januari 2025

Mwanangu Elinaza,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima huko Chang'ombe na kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, kuku wangu mia mbili hawajambo, goti tu ndilo linalonuna kila asubuhi. Barua anakuletea Tabu, mnunuzi wangu, pamoja na trei zake za mayai. Najua simu ipo, lakini kwenye simu wewe huongea kama mtu anayekimbizwa, na jambo hili nataka ulisome umekaa.

Tabu ameniambia umeacha kazi tena. Elinaza! Mwaka na nusu ulikuwa machinjioni Vingunguti, unapima nyama. Nikazoea. Ukahamia kiwanda cha dawa za kikohozi, unapima maji na chupa. Nikazoea. Sasa nasikia unabeba boksi la barafu, unazunguka kuuza chanjo za kuku. Una miaka ishirini na minane na hii ni kazi ya tatu. Mimi nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, shule ileile, na sikufa.

Hospitali ya misheni kule kwetu Same inatafuta mtu wa maabara. Ajira ya kudumu. Fomu nimeshakuchukulia kwa mchungaji, inatakiwa kabla ya mwisho wa Machi. Bado sahihi yako tu.

Habari njema ni kwamba tumevutiwa maji ya bomba! Nafungua jikoni, yanatoka. Sichoti tena kisimani kwa Mzee Jabiri.

Mama yako,
Vaileth


Chang'ombe,
17 Januari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, kikohozi kimekwisha. Pole na goti, na hongera kwa bomba. Nimefurahi sana, sasa utaachana na kubeba ndoo.

Mama, sijaacha kazi kwa kuchoka. Vingunguti nilijifunza kumwangalia mnyama ndani kabla ya kusema kilichomuua. Kiwandani nikajifunza kwamba hata maji ya kuoshea chupa yana faili lake. Ila kote huko sikuwahi kumwona mtu anayekwenda kuila nyama ile au kuinywa dawa ile. Sasa namwona. Juzi nilikaa na mama mmoja Mbagala, kuku wanapita juu ya miguu yangu, akaniuliza maswali ambayo hata chuoni sikuulizwa. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Naipenda kazi hii, mama, na nikienda Same nitaikosa.

Nipe mpaka mwisho wa Machi. Ukiona nimekosea njia, nitasaini fomu yako bila ubishi.

Kuku wako wamefikia tarehe ya chanjo ya mdondo. Tabu anayo kwenye boksi la barafu. Wewe mzoefu, fanya kama siku zote.

Mwanao,
Elinaza


Bunju,
25 Januari 2025

Elinaza mwanangu,

Habari za huko? Sisi tunaendelea vizuri. Chanjo imefika baridi na nimeshawapa. Niliwashindisha kiu asubuhi nzima, na maji ya chanjo yalipokuja walikanyagana. Chupa ile ni ya kuku mia tano na ikishachanganywa hailali, kwa hiyo nikamwita jirani yangu Salma pamoja na Mzee Jabiri, wakachota kwenye ndoo yangu kama ilivyo kawaida yetu. Nikawaambia, "Hii kaileta mwanangu." Sikusema kwamba kazi yenyewe nimeikubali. Nimesema tu kaileta.

Fomu iko kabatini.

Mama yako


Chang'ombe,
14 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Hali yako siijui, na ndiyo maana naandika. Nilikuwa nashangaa barua zimekatika. Leo nimemkuta Tabu dukani kwake, nikamuuliza mbona haendi Bunju. Akaangalia chini. "Da Elinaza, mie niende kufuata nini? Mama hana mayai. Kuku wamekufa, na wa Salma, na wa Mzee Jabiri. Alinikataza nisikwambie."

Nikikupigia unasema tunamshukuru Mungu, halafu unakata. Ungeniambia, mama. Ningekuja hata kwa miguu.

Tabu amekubali kuja huko na trei tupu ili tu akuletee barua hii. Nijibu kama unavyomjibu daktari: shingo zilipinda? Kinyesi kilikuwa cha kijani? Na chanjo uliichanganya na maji gani?

Mwanao,
Elinaza


Bunju,
16 Machi 2025

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Mwili hauna neno. Moyo ndio sijui nikwambie nini.

Shingo zilipinda, ndiyo, na kinyesi kilikuwa cha kijani. Wamekufa mia moja arobaini na mmoja. Kila asubuhi nilikuwa nawatoa kwa toroli. Salma alipoteza wote sitini, na sasa tukikutana njiani anatengeneza mtandio wake mpaka nipite. Jumuiya ya kanisani wamekuja kuniombea, lakini nyuma yangu wanasema mtoto wa Vaileth anauza maji ya kwenye vichupa. Hilo limeniuma kuliko kuku.

Maji yalikuwa ya bomba, na juu yake nikatia matone ya dawa ya maji, ile ya kutibu maji ya kunywa. Sikutaka kuwapa kuku uchafu. Maji nimeyafanya safi mwenyewe, kwa hiyo ubovu uko kwenye chanjo.

Achana na watu hao kabla hawajakuharibia jina. Saini fomu, baba yako angesema hivyohivyo.

Mama yako


Chang'ombe,
18 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikanawa uso nikaisoma tena.

Dalili hizo ni za mdondo wenyewe, na chanzo ni maji, mama. Chanjo ya mdondo ni kijidudu hai kilichodhoofishwa. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na matone yako ni dawa hiyohiyo. Chanjo ilikufa ndani ya ndoo. Kuku walikunywa maji matupu. Miaka yote ulitumia maji ya kisima, ndiyo maana ilikuwa inafanya kazi.

Na kosa ni langu. Uliniandikia habari za bomba. Mie niliyepima maji kiwandani mwaka mzima nikasoma, nikafurahi, nikakujibu ufanye kama siku zote.

Jumapili ukitoka kanisani waite Salma na Mzee Jabiri. Nitakuja niwaambie mwenyewe. Baada ya hapo, ukitaka bado niende Same, niwekee kalamu mezani.

Mwanao,
Elinaza


Bunju,
12 Aprili 2025

Mwanangu mpenzi Elinaza,

Bwana asifiwe sana. Mimi mzima, na goti leo limeamka na tabia nzuri. Vipi wewe, unakula? Jumapili ile nilikuona umekonda.

Barua nimechelewesha kwa sababu nilikuwa na jambo la kumaliza kwanza. Ulipochovya vile vikaratasi vyako vya kupimia dawa kwenye maji pale barazani, cha maji ya kisima kikabaki cheupe na cha bomba kikageuka zambarau, Mzee Jabiri alisema "Allah!" akakiomba akione kwa karibu. Kisha ukasimama mbele ya Salma ukasema, "Mama hana kosa, mie ndiye sikumwuliza kuhusu maji." Matone yangu hukuyataja. Kichupa chenyewe kilikuwa dirishani, na ulikiona.

Nilikaa na jambo hilo siku tano. Mtoto wangu amebeba mzigo wangu mbele ya watu na mimi nimekaa kitini nimefunga mdomo. Siku ya sita nikaenda kwa Salma na kichupa mkononi. Nikamwambia, niliweka mimi, mwanangu hakuniambia niweke. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Mama Elinaza, na mie niliweka! Nilipofika nyumbani niliona maji yana povu, nikaongeza matone." Tulicheka mpaka tukashikana. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, mpe chai.

Fomu ya Same nilimrudishia mchungaji mapema, kabla ya tarehe. Nilimwambia yuko mtoto mwingine atakayeifurahia. Kalamu hukuikuta mezani Jumapili ile kwa sababu sikuiweka, na sikujua nikwambie vipi.

Sasa umenipigia simu juzi kwamba bosi wako anataka uache kuuza, uzunguke kuwafundisha wafugaji na kuandika upya maelekezo ya kwenye boksi. Kazi ya nne. Nilitaka kuguna, nikajikuta natabasamu. Naona kila ulikopita umetoka na kitu: machinjioni kutafuta kilichomuua mnyama, kiwandani kupima maji, kwenye chanjo kukaa na mfugaji, na vyote vilihitajika barazani kwangu siku moja. Nilikuwa nahesabu kazi zako, sikuwa natazama unachobeba. Nisamehe, mwanangu. Najivunia wewe, na hili nimeliandika ili uwe nalo.

Nimeagiza vifaranga mia. Wafugaji wa mtaa huu wamesikia habari ya vikaratasi, wanataka kufundishwa. Nimewahesabu ishirini na sita. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapanga mabenchi ya kanisa uani. Ubao ninao, chaki ninazo.

Usinitafute mbele. Nitakaa benchi la nyuma na daftari langu, na Salma ameshasema nimwekee nafasi.

Mama yako,
Vaileth