Nyigu Kwenye Mkono wa Shati

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nimekaa kwenye cherehani, shati la mwanangu liko mapajani, wembe ninao, na mkono wenyewe unakataa. Mimi ni fundi nguo, nina binti wa miaka kumi na sita anayecheza besiboli timu ya wasichana, yeye ndiye mrushaji, yule anayesimama katikati kumtupia mpira mwenye gongo, na mpira wake unauma mpaka wenzake wamembatiza Nyigu, naye jina akalipokea kwa mikono miwili, akachukua uzi wangu wa njano na mweusi akatarizi nyigu mkubwa kwenye mkono wa shati, kazi safi ambayo hata mimi mwenye fani nisingeionea haya, akaongeza soksi za njano mpaka magotini na shanga za njano kwenye nywele, na akimtoa mpigaji hutikisa mabega mara moja tu, anarudi kazini. Kocha wake hana neno, anasema shati ni jeupe na namba inasomeka, inatosha.

Juzi kwenye nusu fainali mwamuzi akamwita, "Binti, hizo shanga zinang'aa juani, zinamsumbua mpigaji. Zitoe." Roho ikaniruka, nikajua leo patachimbika, kumbe mtoto akajibu tu, "Sawa, refa," akanifuata kwenye uzio tukazichomoa wote wawili, akarudi uwanjani nywele zimesimama kama ufagio, akawatoa wapigaji watatu mfululizo, watu wakalipuka, na yule wa mwisho kutolewa, mchezo ulipoisha, alinijia akaniuliza, "Mama, na mimi unaweza kunishonea simba?" Mshauri, nilirudi nyumbani kama niliyebebwa.

Kumbe shemeji yangu naye alikuwepo, akanitangulia kwa mume wangu. Mume wangu ni mlinzi wa benki, mtu wa nidhamu, sare yake hanipi hata mimi niliye fundi, huinyoosha mwenyewe mpaka mstari wa suruali unaweza kukata nyanya, na viatu vyake unajiona uso. Nikamkuta mlangoni.

"Ndugu yangu ananiuliza binti yangu anacheza mpira au sarakasi," akasema. "Mfumue huyo mdudu. Fainali ataenda kama wenzake, au haendi."

Nikasema nimesikia, nikapita. Binti naye alikuwa amesikia, akanifuata kwenye cherehani akaniambia taratibu, "Mama, ukifumua sitakukasirikia. Ila usiniambie ni kwa faida yangu." Fainali ni Jumamosi. Nifumue nipate amani na baba yake, au niache nyumba iwake moto?

Mama Nyigu

JIBU

Mama Nyigu, weka wembe chini tuongee.

Pole, ila pole yangu ni fupi. "Nimesikia" ni jibu gani? Ulikuwa uwanjani, umeona kwa macho yako, halafu ukamwachia shemeji asimulie mchezo wa mwanao! Mumeo ameletewa habari ya shanga, hajaletewa habari ya wapigaji watatu. Hapo kosa ni lako, na dawa unayo mdomoni.

Tenganisha mambo. Mwamuzi ana kanuni, na binti alitii bila kununa. Hiyo ndiyo sarakasi anayoisema baba yake? Shemeji hana kanuni, ana mdomo tu.

Na huyo mumeo nimempenda. Benki ilimwagiza avae sare safi. Nani alimwagiza akate nyanya kwa suruali? Hiyo ni mbwembwe, mama, mbwembwe ya kimya kimya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu wenu kaongeza rangi tu. Mwambie hivyo hivyo, huku unacheka.

Leo akirudi kutoka kazini, mwache aoge, ale, kisha kaeni watatu. Usibembeleze, usipayuke. Msimulie mchezo wote, tangu mwamuzi alipoita mpaka yule msichana wa simba. Kisha nyamaza, umwache binti aongee na baba yake mwenyewe; mtu anayewakabili wenye magongo hashindwi kuongea sebuleni. Baba akishikilia bado, mpe shati kwa heshima, afumue kwa mkono wake mbele ya mwanawe. Simwoni akiweza.

Na Nyigu naye nina lake: mazoezi yasipungue hata siku moja. Nyigu asiyeuma ni nzi aliyevaa vizuri.

Mumeo aombe ruhusa kazini mapema, ili Jumamosi mkae mstari wa mbele, wote wawili. Na mtu akigeuka kuuliza yule mrushaji ni mtoto wa nani, msingoje aulize mara ya pili.