Bandeji kwenye Bega Zima

Shoga yangu Milena,

Nakuandikia nikiwa dukani kwa kaka yangu, Ras Al Khor hapa Dubai, katikati ya vioo vya magari na taa za nyuma, na nataka ujue tangu mwanzo kwamba nimekukasirikia. Watu wakimwandikia marehemu huanza kwa kumlilia. Mimi nimeshakulilia vya kutosha, tena nilianza kabla sijajua ninalilia nini. Sasa ni zamu ya hasira.

Unajua nilivyopata habari? Si kwako. Joyce, yule Mganda anayelinda geti la klabu, ndiye aliyenipigia simu. "Madam Zuwena, wewe hujasikia? Kocha amekufa. Amefia kwao." Nikamwuliza kocha gani. Kocha gani, Milena! Kwa sababu wewe nilikuacha umesimama katikati ya uwanja na kofia yako, unawapigia kelele watoto wa watu wainue magoti. Mbele yangu alikuwapo mteja anayetaka kioo cha kulia cha pikapu. Nikampa cha kushoto.

Na nimefikaje kuuza vioo? Hilo unalijua, maana ni wewe uliyenileta huku.

Ulipokuja Dubai mara ya kwanza, bega lako la kulia lilikuwa limetoka kupasuliwa, na jina lako lilikuwa limeporomoka mpaka watu wakadhani umeacha tenisi. Wewe, uliyecheza tangu mtoto. Ulinisimulia ulivyokuwa ukipiga mpira kwenye ukuta wa kiwanda cha sukari, katika mji wenu mdogo huko Moravia, kwa Wacheki, mpaka mlinzi akatoka kukufukuza, na kesho yake akatoka na kiti ili akae akutazame. Ulinisimulia ulivyolala kwenye treni na raketi zako kifuani, unakwenda kucheza miji usiyojua hata kuitamka. Ulipanda, ukapanda, na Wacheki wakaanza kukujua barabarani. Halafu siku moja ukainua mkono kuanzisha mpira na bega likakataa. Waliokuwa wakikuita kwa jina wakawa hawakuoni. Ukaja huku kutafuta jua wakati kwenu ni theluji, na klabu ikakuleta kwenye meza yangu ya kukandia.

Mikono hii sikuisomea kwanza, niliirithi. Mama alikuwa akiwakanda wanawake wa Kiunguja wa hapa Deira wakishajifungua, kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe na karafuu. Chuo na cheti vilikuja baadaye. Siku ile ulipolala nikakushika bega, uliuma meno ukasema kwa Kiingereza chako kigumu kigumu, "Hapaumi." Nikakwambia, "Uongo. Panauma hapa, na hapa, na hapa pa tatu umemficha hata daktari wako." Ukageuza shingo ukanitazama, ukaangua kicheko. Urafiki wetu ulianza hapo. Neno shoga nilikufundisha mimi, shoga la kwetu Unguja, la mwanamke kumwita mwenziwe. Ukawa unalipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: "Shogaaa! Yalla, haraka, mafuta!" Mama nikimsimulia alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama alikupenda. "Mzungu wako kaja?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Ramadhani ya kwanza alikupelekea sahani ya sambusa nyumbani kwako Al Warqa, ukairudisha imeoshwa, inang'aa, tupu. Mama akaigeuza huku na huku. "Huyu hajafunzwa," akasema. Ikabidi nikueleze kwamba kwetu chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu. Tia hata sukari kidogo, tia hata ndimu, lakini tupu hapana. Uliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Tangu siku hiyo sahani za Mama zikawa zinarudi na biskuti za kwenu zenye jamu katikati, na chupa zake za mafuta zikawa zinarudi na lozi. Hata siku tulizonuniana hukulikosea hilo.

Tulikujenga upya, Milena. Nasema tulikujenga, wala sioni haya kujihesabu. Uliporudi kwenye mashindano madogo madogo, viwanja ambavyo watazamaji ni mama wa mchezaji mmoja na paka, nilikuwa nawe. Ulipoteza, ukapoteza, ukashinda moja, ukapoteza tena. Ulitupa raketi. Ulisema unarudi kwenu ukauze mikate. Nilikukanda, nikakutukana, ukalala, ukaamka ukaenda uwanjani.

Na ile siku, hapa hapa Dubai. Kifundo cha mkono wako wa kushoto kilikuwa kimevimba, na mpigo wako wa upande wa kushoto ulikuwa unaupiga kwa mikono yote miwili. Mpinzani alikuwa yule binti mrefu aliyekuwa akimtandika kila mtu msimu ule. Angejua tu, angekuletea mipira ya kushoto mpaka ulie. Tulikaa kwenye chumba cha kukandia tukatazamana. Kila mtu alijua habari za bega lako la kulia na kisu cha madaktari. Hakuna aliyejua kwamba limepona kabisa, isipokuwa mimi niliyeliponya. Basi nikachukua bandeji nikalifunga bega zima. Nikalizungusha mpaka ukafanana na mtu aliyetolewa ajalini. Kifundo kibovu tukakivisha kitambaa cha jasho, kama kila siku. Ukatoka uwanjani unalishika shika lile bega na kukunja uso, muigizaji mkubwa wewe, na binti wa watu akaona. Mipira yote akaleta kulia! Kulia, upande ambao hakuna aliyekuwa anakuweza. Ulimla mzimamzima. Magazeti yakaandika kuhusu ushujaa wa mwanamke mwenye bega bovu, na sisi wawili tukayasoma getini tukicheka mpaka machozi, Joyce asijue tunacheka nini.

Ulishinda nyingine baada ya hiyo, na ulipostaafu ulistaafu watu wamesimama wanapiga makofi. Ukachagua kubaki hapa kufundisha. Lakini kwangu siku ya bandeji ilibaki kuwa siku yetu. Nilidhani ile hila ni yetu sisi wawili dhidi ya wengine wote.

Halafu ukaenda kwenu kiangazi, kama ulivyozoea, na ukarudi. Nikakuandalia meza, nikapasha mafuta. Hukulala. Ulisimama mlangoni, nyuma yako wapo makocha wenzako na meneja, ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Zuwena, mikono yako imechoka. Sisikii kitu tena. Nimepata mtu mwingine. Khalas."

Khalas. Basi, imekwisha: neno la kumwambia fundi bomba.

Nilifunika chupa, nikakunja taulo. Pale klabuni bega lako ndilo lilikuwa tangazo langu, kwa hiyo uliposema sina mikono, nani angeniletea goti lake? Meneja akaanza kuwapeleka wachezaji kwingine, na mwisho nikaondoka mwenyewe kabla sijaambiwa. Unga ukamwagika. Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni kwamba nilikuamini. Niliitazama mikono yangu nikasema, basi, imekufa. Mama akiniambia, "Hebu nikande bega, mwanangu, limenikaza," nilimtafutia visingizio. Mwisho nikamnunulia mashine ya umeme ya kukandia. Mama, aliyenipa mikono hii, nikamwekea mashine.

Baada ya simu ya Joyce nilikwenda Al Warqa, sijui kutafuta nini. Mlango aliufungua dada yako Hana, niliyemjua kwa picha tu. Alikuwa amekuja kufungasha vitu vyako, na pua yake ni yako kabisa. Nikasema, "Mimi ni Zuwena." Hakunipa mkono. Aliichukua mikono yangu miwili, akaigeuza viganja juu akaitazama, akasema, "Ndiyo hii." Kisha akanieleza yote, amesimama katikati ya maboksi.

Kwamba kiangazi kile ulijikuta na uvimbe chini ya kwapa. Kwamba madaktari wa kwenu walikwambia saratani imeshatembea mwilini. Kwamba ulirudi Dubai na siri yako ufundishe mpaka nguvu ziishe, na hukutaka mtu akutazame kwa jicho la kumtazamia mgonjwa. Hana alikuuliza kwa nini ulinifukuza mimi kwanza kabla ya watu wote, ukamjibu, "Kwa sababu Zuwena angejua siku ya kwanza. Mikono yake haidanganyiki."

Nilikaa juu ya boksi lililokuwa karibu. Lilikuwa la vikombe. Nilivisikia vikisagika chini yangu.

Umejiona, Milena? Ulinifunga bandeji mimi. Ulichukua kilicho kizima, mikono yangu, ukawaonyesha watu kwamba ni kibovu, ili kibovu chako kisionekane. Hila niliyoifunga mimi mwenyewe begani kwako, ukaigeuzia upande wangu wa wavu. Na mimi nikaingia kama yule binti mrefu, mipira yote nikaipeleka kulia. Nilikuwa najichunguza vidole huku wewe unakwisha, nusu saa tu kutoka nyumbani kwangu. Miaka yote ile nilidhani ni mimi ninayekupaka mafuta, kumbe ulikuwa unanipaka mimi, tena kwa mgongo wa chupa.

Ungeweza kusema umenichoka. Ungeweza kusema nanuka karafuu, nina mdomo, nachelewa. Ningekununia tukaishia hapo. Lakini ulikwenda kuchagua uongo ambao ulijua nitauamini kwa sababu umetoka kwako. Huo ndio usaliti, shoga yangu, sina jina jingine la kuupa.

Pengine nisingeokoa kitu. Mimi si daktari. Lakini ningejua. Ningekukanda miguu, ningekuletea uji wa Mama, ningegombana nawe kuhusu dawa. Ningekuaga. Hata kuaga ulininyima.

Nilipoinuka kuondoka, Hana akanizuia. Akatoa mkobani chupa ya kioo yenye kizibo cha bluu, ile ile ya mafuta ya Mama. Kumbe uliondoka nayo. Akaniambia ndiye aliyekuwa akikukanda nayo siku za mwisho, na kila siku ulikuwa unamgombeza: si hapo, juu kidogo, Zuwena hafanyi hivyo. Mafuta yalipokwisha ukamwambia airudishe kwa mwenyewe, na ukamkazania kwamba isirudi tupu.

Hana hakujua maana yake. Alitia alichokikuta jikoni kwa mama yenu, mafuta ya alizeti. Nikaipokea ile chupa, nzito, imejaa mpaka shingoni, nikakutukana. Kwa Kiswahili, ili Hana asielewe. Kisha nikalia mpaka akaniletea maji katika kikombe kimoja kilichopona.

Jana Mama aliamka bega limemkaza hata mtandio unamshinda kujitanda. Ile mashine niliichomoa ukutani nikaiweka kabatini. Nikapasha mafuta ya kwenu, nikatia karafuu, nikamwekea mikono. "Hapaumi, mwanangu," akasema. Uongo. Palikuwa panauma chini ya mfupa wa bega, kwa ndani, na hakuna aliyenionyesha. Mikono ilikwenda yenyewe. Mama akashusha pumzi ndefu, akaniuliza, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nikaongeza mafuta. Nilikuwa nauza vioo, Mama, kwa sababu shoga yangu alinidanganya.

Nimeshamwambia kaka atafute mtu wa duka. Wiki ijayo nakwenda klabuni, Joyce anifungulie geti, na nitasimama pale pale mlangoni uliposimama, mbele ya wale wale makocha na meneja, niseme kwamba Milena alisema uongo na kwa nini aliusema. Najua usingependa wajue. Utakasirika, utanuna, shauri yako. Siri yako uliitunza kwa mikono yangu, na mikono yangu naitaka.

Sijakusamehe. Wataniambia marehemu hasemwi, na mimi nakusema, kwa sababu nilikupenda na hukuniamini. Siku nikikusamehe nitakwambia, sitakuficha.

Kwaheri, Milena. Mungu akulaze mahali pasipouma, pasipouma kwa kweli, si kwa maneno yako. Hana ameahidi kunipeleka kaburini kwako, na mimi naahidi kuja, viza ikitoka tu. Nitakuja na chupa ya Mama, imejaa nazi na karafuu, nitaupaka udongo wako pale lilipo bega. Kama haifai kidini, nitamwuliza Mama nikisharudi. Kisha nitachota huo udongo niutie kwenye chupa nimpelekee, kwa sababu hata wewe ukiwa humo ardhini huna ruhusa ya kumrudishia Mama chombo kitupu.

Shoga yako, mwenye mikono mizima,
Zuwena