Mnyama wa Kiongozi

San Antonio, 12 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko ranchini? Mama hajambo, bibi hajambo ila goti lake, na mimi mzima, isipokuwa chavua ya mialoni imenishika pua kama kila mwaka.

Jumapili ulipopiga simu nilijibu "eeh" na "hapana" mpaka ukachoka ukaaga. Usidhani nilikasirika. Shuleni asubuhi tunasoma kwa Kihispania, mchana kwa Kiingereza. Nina lugha mbili, na zote hunikimbia simu ikilia. Kwenye karatasi zinatulia. Ndiyo maana nakuandikia.

Nimetimiza kumi na minne, Baba. Ulisema nikifika hapo, mnyama wa kiongozi atakuwa wangu. Bwana Ruhle, mwenye ranchi, bado anawapa? Kila kiongozi wa ranchi kulungu mmoja kwa mwaka, apigwe na mtu wa nyumbani kwake? Sitaki pembe kubwa. Nataka twende mimi na wewe, kama unavyowapeleka watoto wa matajiri wa Houston. Mama ananionyesha picha zao: umewashika mabega, unacheka na meno yote nje. Nimeziangalia picha hizo kuliko inavyofaa.

Kozi ya uwindaji nimemaliza. Darasani nilikuwa msichana peke yangu. Mwalimu akaniuliza, "Wewe umeletwa na nani?" Nikasema, baba yangu ni kiongozi wa wawindaji Rocksprings. Siku ile sikusema sentensi nyingine ndefu kama hiyo.

Niambie lini, na nivae viatu gani.

Binti yako,
Noelia


Rocksprings, 24 Aprili

Mwanangu Noelia,

Marahaba, mama. Sisi tu wazima, mvua hakuna, mbuzi wa jirani wamekonda mpaka wanapita kwenye waya. Pole na pua.

Barua yako nimeisoma ndani ya gari, mbele ya posta, injini inanguruma. Ahadi ni ahadi. Bwana Ruhle bado anatupa mnyama, na mwaka huu ni wako. Tutakwenda Juni, shule zikifungwa. Hawa kulungu wa madoa asili yao Bara Hindi, hawafuati msimu wa kulungu wetu. Juni ndipo madume wananguruma na pembe zao zimekauka. Dume ambaye pembe zake bado zina ngozi tunamwacha aende zake. Njoo na viatu vya kufunika kifundo, mawe ya huku hayana adabu. Usivae cheupe. Sabuni yenye manukato iache hukohuko kwa mama yako.

Tanner anakusalimu. Tangu nimwoe Darla, mwanawe huyu amekuwa kivuli changu. Kusikia habari ya uwindaji tu, akaruka: "Na mimi je, Chevo?" Nikamwambia twende. Ana miaka kumi na mitatu, mtapatana. Mnyama ni mmoja, basi atakayekuwa ametulia siku hiyo ndiye atakayepiga.

Baba yako,
Eusebio


San Antonio, 3 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima nyote, wewe, Darla, na yeye. Sisi wazima.

Nina maswali machache tu. Kile kibanda cha kuvizia cha kwenye kilima, ulichonionyesha nilipokuwa mdogo, si kina viti viwili? Sasa tutakuwa watatu. Nani atakaa wapi? Nauliza kwa sababu ya mpango, si kwa ubaya.

Halafu anakuita kwa jina la utani, Chevo? Hata mama hakuiti hivyo tena.

Na asubuhi anakula nini? Bado unakaanga mayai na soseji kali, unayafunga kwenye chapati ya tortila, unaweka juu ya injini yapate moto? Unamfungia na yeye?

Simchukii. Simjui kiasi cha kumchukia. Ila nikifunga macho naona mkono wako begani, na bega si langu. Bibi alinikuta nimekaa jikoni gizani akasema, "Wewe una wivu, mtoto, hata maziwa yataganda ukiyaangalia." Nikamwambia sina. Maziwa yalikuwa mazima, nilikwenda kuyaangalia.

Atakayekuwa ametulia ndiye atakayepiga. Sawa. Unajua mimi sijawahi kutulia mbele ya mtu nisiyemzoea.

Binti yako,
Noelia


Rocksprings, 19 Mei

Mama,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa nyuki wamehamia kwenye pipa la mahindi ya kulungu, wamenidunga sikio, sasa natembea kama bondia aliyepigwa.

Umenichekesha na viti vyako. Nitapindua ndoo nikalie mimi, mzee wa watu. Wewe utakaa upande wa dirisha, Tanner upande wa mlango. Umeridhika?

Mtoto yule anapiga, usimwone hivyo. Kila jioni tunalaza gunia la mchanga juu ya boneti, anafyatua risasi anazoruhusiwa, hazidishi. Namfundishia ile bunduki ya babu yako Nieves. Kitako kilikuwa kirefu kwa mikono yake, nikakikata kidogo kwa msumeno, nikakipiga msasa. Kimetoka vizuri ajabu! Hata wewe kitakufaa.

Juzi tuko njiani ananiuliza, "Noelia ni mpole?"

"Mpole sana."

"Atanichukia?"

"Noelia? Hachukii hata mbu, anawapulizia tu wapite."

"Mimi mbu nawaua."

"Basi mtagawana kazi."

Ametandika kitanda chake kwa ajili yako. Yeye atalala kwenye kochi. Nakuja kukuchukua Ijumaa ya pili ya Juni. Funga mkoba.

Baba yako,
Eusebio


San Antonio, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sitaweza kuja. Kwaya ya kanisa ina mashindano wikiendi hiyohiyo na wamenipa sehemu ya kuimba peke yangu.

Mpeleke Tanner. Kitako kinamfaa tayari.

Noelia


Rocksprings, 18 Juni

Mwanangu Noelia,

Hujambo, mama? Mashindano yalikwendaje? Nilipopata barua yako nilimwambia Darla, "Huyu ambaye kwenye simu hasemi, leo ataimba peke yake!" Nilijisikia fahari mpaka nikamwambia Bwana Ruhle, naye hakuwa ameniuliza.

Basi tulikwenda wawili. Asubuhi kulikuwa na ukungu chini ya mierezi. Majike walitangulia, wakala mahindi, wakatutazama kama wanatudai. Kisha tukamsikia dume, ule mngurumo wao kama mlango wa zizi usiotiwa mafuta. Akatoka. Madoa meupe mgongo mzima, pembe nyeusi, zimekauka.

Tanner akaweka jicho kwenye darubini, akaliondoa, akaliweka tena. "Chevo, siwezi."

"Basi usiweze."

"Ataondoka."

"Aondoke."

Akaondoka kweli, akaingia mierezini. Tukakaa. Mtoto analia kimyakimya, kamasi linamtiririka, mimi natazama dirishani. Jua lilipopanda dume akarudi kwa ajili ya jike mmoja, akasimama ubavu. Nikasikia tu, "Sasa naweza." Akaweza. Risasi moja, nyuma ya bega. Mnyama hakuteseka.

Nikampaka damu ya mnyama wake wa kwanza kama babu yako alivyonipaka mimi, paji la uso na mashavu yote mawili. Akalia tena, nami nikalia, wajinga wawili juu ya mawe. Tulipokuwa tunamburuta mnyama, Tanner akasema, "Subiri, Baba, nimeteleza." Hakujua amesema nini. Sikumwambia.

Paja moja la nyuma ni lenu. Kaka yake Darla anakuja huko na lori, atalileta ndani ya barafu.

Baba yako,
Eusebio


San Antonio, 29 Juni

Baba,

Shikamoo. Nyama ilifika ikiwa na barafu bado. Bibi aliipika na pilipili nyekundu, tukala siku tatu. Ilikuwa tamu. Nililia kwa sababu ilikuwa tamu.

Hapakuwa na kwaya. Yaani kwaya ipo, lakini hapakuwa na mashindano, na hakuna mtu mwenye akili atakayenipa mimi niimbe peke yangu. Ulipaswa kujua. Ijumaa ile nilivaa viatu vya kufunika kifundo, nikakaa kitandani. Mkoba ulikuwa umefungwa, uko chini ya kitanda. Kila gari kubwa lililopita mtaani nilisema ndiwe. Nilikuwa nimeshapanga utakavyokuja. Utabisha mlango kwa ngumi, utasema, "Kwaya gani? Upuuzi huu! Ingia garini." Mimi nitanuna mpaka tuvuke mji wa Bandera, halafu nitacheka.

Hukuja. Ukaona sawa, ukaandika fahari.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeikariri, kama mtu anayebonyeza jipu. Alisema hawezi, ukamngoja. Alilia, ukatazama dirishani. Ile damu ya babu Nieves ni ya kwetu, Baba. Ilipaswa kukauka kwenye uso wangu, niende nayo dukani watu wanione. Na lile neno aliloteleza nalo, hukumsahihisha. Nilitaka umsahihishe. Nilitaka useme, "Mimi ni Chevo kwako, baba ni wa Noelia."

Najua ni ubaya. Namwonea wivu mtoto ambaye baba yake mwenyewe hajulikani aliko. Naona wivu hata kwa lile kamasi. Nimejaribu kuacha, hausikii.

Usinipigie simu. Nitasema "eeh" tu.

Noelia


Rocksprings, 8 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu kwanza. Mimi mwili mzima, moyo si mzima.

Barua yako niliisoma posta, nikashindwa kuendesha. Yule mama wa posta akaja kugonga kioo: "Eusebio, nani kafa?" Nikamwambia hajafa mtu, ni mimi tu nimekuwa mjinga.

Sikiliza, mama. Kazi hii ina sheria moja kubwa kuliko zote, na sikuwahi kukuambia kwa sababu naona kama kila mtu anazaliwa nayo. Kiongozi hamsukumi mwindaji. Mtu akisema leo siwezi, umwachie. Ukimsukuma atapiga vibaya, mnyama atakimbia na risasi tumboni, mtafuata matone ya damu juu ya mawe mpaka usiku, na kosa litakuwa lako. Miaka yote hii nimewaachia watu. Mama yako aliposema inatosha, nikamwachia. Wewe uliposema huji, nikakuachia, nikaona ndiyo heshima. Sikujua kwamba mtoto anaweza kusema siji huku amevaa viatu.

Uwongo wako umeniuma, sitakudanganya. Nilimtangazia kila mtu utaimba. Lakini mimi ndiye niliyegawa mnyama wako kabla hujafika, na nikakata kitako bila kukuuliza. Kipande nilichokikata nilikitia motoni. Sina cha kukurudishia.

Mnyama mwingine hakuna mpaka mwakani. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu nakuja kukuchukua. Sikuulizi kama unaweza. Tutakaa kibandani bila bunduki, mimi na wewe, tutazame tu. Ukinuna, nuna, Bandera si mbali.

Tanner nimemwambia atabaki na mama yake. Alitupa kofia chini. "Kwani mimi nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu, lakini safari hii ni ya Noelia na mimi. Hajaniongelesha tangu jana. Mayai yangu hakuyagusa.

Ni mimi baba yako,
Eusebio


San Antonio, 15 Julai

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Moyo wako umepoa? Huku wote wazima, goti la bibi limetabiri mvua na mvua imekuja kweli, anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeileta.

Nitakuja. Najua hukuniuliza, lakini nataka kusema mwenyewe. Samahani kwa kwaya. Nimemwambia na mama ukweli, akasema, "Nilijua, ulikuwa umevaa viatu kitandani." Hakunisukuma na yeye. Nyie wawili mlifanana sana, sijui mligombana kwa lugha gani.

Sasa nina jambo la kuungama, halafu nafunga barua kabla sijaogopa. Nilipofika pale kwenye barua yako Tanner alipotupa kofia, nilifurahi. Niliurudia mstari ule, nikaenda dirishani, nikarudi, nikausoma tena. Mayai hakuyagusa! Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani akatazama huku na huku. Nikalala nayo furaha hiyo. Asubuhi ilikuwa imechacha, kwa sababu namjua sasa mtoto anayenuna mezani na sahani imepoa mbele yake, anangoja aulizwe mara ya pili. Namjua kuliko unavyomjua wewe. Muulize mara ya pili, Baba. Akisema hana kitu, usimwachie.

Mpe salamu zangu. Mwambie kitanda chake sitakipanda na viatu.

Lakini Ijumaa hiyo asije. Nyingine, tutaona.

Binti yako,
Noelia