Goti Bovu Niachie Mwenyewe

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu Kiherehere,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, ila simu ilikatika kabla sijaitikia, kwa hiyo marahaba yako ni hii hapa. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima. Bibi yako anakula vizuri na kununa vizuri, kwa hiyo afya anayo. Goti langu la kushoto ni lile lile, linatangulia redio kutabiri mvua.

Sasa tuje kwenye hilo linalokunyima usingizi. Umesema mpira wako wa kwanza unaanguka karibu kuliko wa wenzako wote, kwamba Jumamosi kocha anachagua timu, na kwamba ukiachwa safari hii unaacha gofu kabisa. Nimekuelewa. Hutaachwa wala hutaacha. Kazi hii nimeifundisha mpaka nikastaafu, sibahatishi.

Video uliyotuma nimeirudia mpaka chai ikapoa. Mshiko ni mzuri, hukamui fimbo. Mpira umeuweka juu ya kijiti, usawa wa kisigino cha kushoto, ndivyo. Ukiinua fimbo, mgongo unageuka mpaka unaelekea kule unakotaka mpira uende. Hapo nilijisifu kidogo. Ila ukianza kushusha, uzito wote unabaki mguu wa kulia, na mikono inaukimbilia mpira peke yake. Mikono peke yake haifiki mbali, mama.

Nikawa najiuliza umeyatoa wapi hayo. Baba yako, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akaangua kicheko.

"Mzee, huyu si ni wewe unashuka ngazi?"

Nilitaka kumkemea, kisha nikatazama tena. Kweli bwana. Ulijifunza kwa kunitazama mimi, nyuma ya nyumba, tukipiga mipira kwenye blanketi la bibi yako lililotundikwa kambani, na wakati huo goti langu lilikuwa limeshaharibika. Nilikuwa naukwepa mguu wa kushoto kwa sababu ya maumivu. Wewe ukadhani ndio ufundi wenyewe, ukaiga mpaka kuchechemea kwangu. Nilicheka, halafu machozi yakanilengalenga, sikufichi.

Basi nisikilize. Fimbo ikiwa bado juu, kabla mikono haijafanya lolote, kanyaga chini kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu, kama unaisukuma ardhi. Kiuno kitageuka chenyewe, kifua kitafuata, na mikono ije mwisho kabisa, imechelewa kama baba yako akienda kazini. Kichwa kibaki nyuma ya mpira, fimbo iupige ikiwa imeanza kupanda. Ukimaliza, kitovu kitazame mpira unakokwenda, nawe uweze kusimama kwa mguu wa kushoto tu. Ukiyumba, rudia.

Anza kesho, taratibu, bila mpira kwanza.

Baba yako anakusalimu. Shangazi yako muuguzi anauliza kama unakula. Bibi yako anasema matundu ya blanketi lake hajayasahau, lakini anakuombea. Mungu akulinde na akupe Jumamosi njema.

Ukitaka kurithi kitu kwangu, chukua ubishi, ninao wa kutosha ukoo mzima. Goti bovu niachie mwenyewe. La kwako ni zima, mjukuu wangu, halijawahi kukuuma hata siku moja. Kanyaga nalo.

Akupendaye kwa moyo mzima,
Babu yako.