Goti Langu na Kiti cha Baba Yako

Wajina wangu Wairimu,

Sisi hapa Kimbo tuko salama. Ng'ombe amezaa, mama yako amepona homa, na baba yako ameninunulia kiti cha kuegemea. Hicho kiti nimekichoka.

Umeniuliza, kwa vile huko chuoni mnasoma magonjwa ya viungo, kama goti langu huvimba nikibeba mzigo ama nikikaa. Nikikuambia yote mawili, usicheke.

Nikiwa msichana, kabla ya Uhuru, tulichuma kahawa Ruiru. Mzigo tulibeba mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, na mimi kwa kujionyesha nikabeba madebe mawili mpaka kiwandani. Goti likavimba. Mama akanikalisha wiki tatu. Likazidi kukakamaa na kuwa moto. Shangazi akachoka kunitazama, akanipeleka kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, nikitembea polepole bila mzigo. Uvimbe ukaisha. Kwa ujinga nikarudia madebe mawili, na jioni likavimba tena.

Unasema seli zinazolinda mwili huhisi uzito: zikielemewa ama zikisahaulika huwaka, zikisukumwa kidogo hutulia. Basi zina akili kuliko baba yako. Yeye amefungia jembe stoo, na nikigusa hata sufuria anasema, "Mama, keti."

Ukiona mwandiko umepinda, ni kwa sababu kila baada ya mistari miwili naenda kuangalia maharagwe shambani, naye ananirudisha kitini. Sasa ameenda kukama. Wacha niishie hapa, nitoke.

Ni mimi nyanya yako,
Wairimu mkubwa