Fuvu Lisilo na Cheti cha Kifo

Malaba, Jumapili asubuhi

Mpenzi Mama Mghoi,

Najua ukiiona bahasha hii utanuna, kwa kuwa umepokea karatasi badala ya mume. Nuna, una haki. Lakini niambie kwanza, kifua cha mama kimetulia? Watoto wanakula vizuri? Mimi siumwi. Nimekwama tu.

Profesa amefariki. Moyo ulisimama akiwa amepiga magoti shimoni, kule ng'ambo karibu na Tororo, brashi mkononi. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, akiokota vigae vya vyungu nyuma ya majembe ya wakulima. Akaenda kusoma Ulaya, akarudi kufundisha chuo kikuu, na miaka yote akabishana na wakubwa wa taaluma yake waliosema watu wetu walifika huku juzijuzi. Mimi hakunichukua kwa elimu. Fuvu la kwanza lilipotokea, vibarua wengine walitimua mbio, mimi nikabaki, kwa sababu kwetu Taita mafuvu ya mababu yalihifadhiwa mapangoni na nimekua nikiyaheshimu. Nimemlilia kama baba, sikufichi.

Maiti yake ilivuka mpaka kwa asubuhi moja, maana ilikuwa na cheti. Makasha yake ya mafuvu na vigae tulivyochimbua ndiyo yaliyokwama pamoja nami. Alinifundisha kuandika nilichokiona na si kingine, basi juu ya kasha moja nikaandika, "Fuvu la mtu mzima, mwanamke." Afisa wa forodha akasoma, akanitazama sana.

"Mzee, huyu mama alikufa lini?"

"Zamani sana, bwana. Kabla mpaka haujakuwepo."

"Sasa cheti ya kifo iko wapi? Na vile watu wanapotea huko ng'ambo siku hizi, mimi nipitishe kichwa ya mtu?"

Akachukua kitambulisho changu. Hii ni wiki ya tatu nalala kwenye banda la malori. Mbele sipiti, nyuma, kule ng'ambo, kuna wanajeshi wanaokamata watu, na makasha nikiyaacha yatatupwa. Nahisi ukuta unanisogelea kila siku.

Jana alinihurumia, kwa kuwa nilimwambia Mghoi wetu anaolewa Jumamosi ijayo.

"Mzee, si uandike tu ni mbuzi? Napiga stempu saa hii, unaenda harusi."

Kalamu niliishika, mke wangu. Niliishika muda mrefu. Lakini shimo lile wanajeshi wamelifukia, na daftari la mwisho Profesa hakulimaliza. Maandishi yale juu ya kasha ndiyo ushahidi uliobaki. Nikiandika mbuzi, wakubwa watasema ni mbuzi, na yeye hayupo kuwajibu. Nikamrudishia kalamu. Sasa ameapa kwamba lazima nisubiri barua ya kibali kutoka Nairobi, na hakuna anayejua itakuja lini.

Mwambie kaka yangu Mwakio akae kwenye kiti changu na awapokee wakwe. Nisalimie mama, dada yangu wa Voi, na yule fundi jirani. Koti alilonishonea alipunguze mabega, Mwakio alivae.

Mghoi usimwambie kwamba ningeweza kuja. Mwambie walinizuia.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Mghoi